Semeni Hatazaa

Alief, Houston
Texas, Marekani
Jumatano ya Majivu, 6 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Melania,

Shikamoo. Naanza kwa kuuliza magoti yako, kwa sababu najua ukiulizwa habari kwa ujumla utasema nzuri tu. Je, ile dawa ya kuchua niliyomwomba dada Bernadette akununulie imesaidia, au umewagawia majirani kama ulivyofanya na blanketi? Na kifua je? Tumesikia mvua za huko zimechelewa, natumaini maharage hayakukaukia shambani. Wajukuu nao natumaini wanakwenda shule na hawakusumbui sana.

Sisi huku tu wazima. Alida anaendelea na kazi yake ya hoteli. Mgongo unamsumbua lakini halalamiki, tofauti na mimi. Annick ametimiza miaka kumi na sita na amenizidi urefu. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu kwa Kiingereza. Mimi bado niko kwenye ghala lile lile la Stafford, napakia na kupakua, namshukuru Mungu.

Barua hii ataileta Florent, tunayesali naye misa ya Kiswahili, anayesafiri kwenda Kigoma wiki ijayo. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya Kasulu hukatika kila nikifika penye uchungu, na jambo hili nataka ulipate lote kabla hujanikemea. Leo asubuhi padri amenipaka majivu akaniambia nitubu. Nimetoka kanisani na majivu usoni na hasira ile ile niliyoingia nayo.

Ni habari ya mbwa.

Najua ulicheka uliposikia kwamba mtu aliyetoka kambi ya wakimbizi akapanda ndege mpaka Marekani anatumia Jumamosi zake kufuga mbwa wa kuwinda. Cheka, lakini nisikilize. Huku kuna mbwa wa mashindano ya mbio, wanaitwa greyhound. Ni wembamba, miguu mirefu, kifua kipana, kiuno kama cha nyigu. Wakistaafu mbio, watu hupewa wakawafuge. Mbwa huyo ana kasi ambayo hujawahi kuiona, ila akili yake yote iko machoni. Anamfuata sungura mkiani, sungura akikata kona yeye anapitiliza mpaka kwenye seng'enge. Kwa hiyo wawindaji wa hapa humpandisha na mbwa wa kuchunga ng'ombe, ambaye ana kichwa kizuri, wapate chotara. Chotara huyo humwita lurcher. Kazi yote ya mfugaji ni kumpata mtoto aliyechukua miguu ya mama na kichwa cha baba, na mara nyingi anapata kinyume chake.

Nimeifanya kazi hiyo miaka tisa. Nawafuga kwenye shamba la mzee mmoja wa Kizungu karibu na Needville, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa. Yeye ananipa banda, mimi namtengenezea uzio, na mbwa wanawafukuza mbweha wanaokula mbuzi wake. Nikiwaleta Alief, majirani huwapigia simu maofisa wa wanyama kwamba nawanyima mbwa chakula, eti mbavu zinaonekana. Ofisa amekuja mara mbili. Mara ya pili alinikuta nawapikia kuku na wali, akasimama kidogo, akaondoka.

Mwaka 2013 nikampata Watasema. Nilimpa jina hilo kwa sababu baba naye aliwapa mbwa wake majina ya kuwajibu watu, wewe unayakumbuka kuliko mimi. Jike yule nilimfundisha kwa mikono yangu. Alipokuwa mdogo nilimweka katikati ya mbuzi wenye watoto, wakampiga pembe mpaka akajua mbuzi si wa kukimbizwa. Niliburuta ngozi ya sungura kwa kamba majanini, nikaificha, nikamwacha aitafute kwa pua badala ya macho. Nilimfundisha kurudi akiitwa hata kama mnyama yuko mbele yake, na hilo ndilo gumu kuliko yote, lilinichukua miezi minane na sauti yangu yote. Alikuwa mbwa mzuri. Hakuwa yule niliyemtaka hasa, lakini nilijua nimekaribia.

Sasa naingia kwa Kiprop. Ni Mkenya, Mkalenjini, muuguzi wa hospitali, anaishi Irving, kaskazini kwetu, zaidi ya saa nne barabarani. Tulijuana kwenye msiba wa mtu wa Dallas. Akasikia nina mbwa, akaniambia babu yake alikuwa mwindaji. Tangu hapo kila majira ya baridi, mashamba yakishavunwa, anakuja tunatembea na mbwa kutwa nzima. Hajui kitu juu ya mbwa, lakini anajua kutembea na anajua kunyamaza, na watu wa namna hiyo ni wachache huku.

Kile kimbunga cha Agosti 2017 nilikusimulia. Maji yaliingia ndani kwetu mpaka kwenye magodoro. Kule shambani nikapoteza mbwa watatu katika siku moja, akabaki Watasema peke yake, alikuwa amepanda juu ya marobota ya nyasi. Barabara zilipofunguka, mtu wa kwanza kufika mlangoni kwangu alikuwa Kiprop, na gari limejaa maji ya kunywa. Akawachukua Alida na Annick, wakakaa kwake wiki tatu, yeye na mkewe Chebet wakiwapisha chumba chao na kulala sebuleni. Hakuna ndugu wa damu aliyenifanyia hivyo huku.

Novemba hiyo Watasema akazaa watano, madume wanne na jike mmoja. Madume wawili walikufa kwa kuhara damu. Waliobaki, mmoja ana mbio hana akili, mwingine ana akili hana mbio. Watu wananiambia nizalishe kwa hao, na mimi nawaambia nimeshatoka huko, siwezi kurudi mwanzo. Lakini yule jike, Shangazi, nilimjua akiwa na wiki sita. Wenzake walikuwa wakikimbilia kitambaa ninachokivuta, yeye alikuwa akienda kukingojea mahali kinapoelekea. Nikamwita Semeni.

Februari 2018 nikampa Kiprop.

Wewe huhitaji kuelezwa kwa nini, lakini nilipomweleza Annick niliona hata mimi sijawahi kuliweka jambo hili katika maneno. Ng'ombe wa kugabiwa, anayetolewa kufunga undugu, hauzwi. Anayegaba hapokei kitu wala hatamki sharti, maana kutamka sharti ni kumwambia mwenzako humwamini. Aliyegabiwa anamlisha, anakunywa maziwa, siku ya shida anakuja na mikono yake, na siku ng'ombe akizaa jike, jike mmoja anarudi alikotoka. Kuanzia hapo nyumba mbili ni moja. Baba hakunifundisha hayo, nilikua nikiyaona. Mimi sina ng'ombe Houston. Nilichokuwa nacho kinachofanana na ng'ombe ni yule jike.

Kiprop alitoa pochi. Nikaurudisha mkono wake nikamwambia kati yetu hakuna kuuziana. Akanikumbatia. Naye ni mtoto wa wafugaji, aliwahi kunisimulia mwenyewe jinsi ng'ombe wa babu yake walivyokuwa kwenye maboma ya watu wengine. Nikajua tumeelewana. Nilirudi Alief nikiimba kwenye gari.

Akambadilisha jina, akamwita Bella. Nikameza. Akamnunulia koti la baridi na kitanda. Nikameza pia, kwa sababu alikuwa akimleta shambani mara moja kwa mwezi nimfundishe, na mbwa alikuwa akijifunza kwa siku moja kile ambacho mama yake alijifunza kwa mwezi.

Oktoba Watasema akafa. Alikuwa anamfukuza mbweha, akaingia kwenye waya uliokuwa umeanguka majanini, ukamchana kifua. Nilimzika pembeni mwa uzio. Nililia, sikufichi. Lakini nilijiambia mtoto wake yupo Irving.

Januari hii nikapata dume wa kumpandisha, greyhound wa mfugaji mmoja wa magharibi, kifua kama pipa. Nilikuwa nimembembeleza yule bwana mwaka mzima. Nikampigia simu Kiprop kumwambia Semeni akiingia kwenye joto amlete. Akanijibu kwa lugha yake ya mchanganyiko.

"Joto gani, bro? Hiyo story iliisha kitambo. Tulim-spay akiwa na miezi sita. Vet alisema ni better for her health, na hapa kwa apartment walitaka papers."

Nikamwomba aseme kwa Kiswahili cha watu. Akasema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Wamemtoa kizazi, Nazaire."

Nilikata simu. Nilikuwa nimesimama kwenye maegesho ya magari ya ghala, nikakaa chini pale pale kwenye saruji, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimeumia.

Nilipofika nyumbani nilidhani nitapata wa kunionea huruma. Annick hakuondoa hata macho kwenye simu yake. "Dad, everybody does that. You never told him not to." Kwamba kila mtu hufanya hivyo, na kwamba mimi sikumkataza. Nikamgeukia Alida. Alida akaendelea kukunja nguo.

"Ulimwambia lini?"

Nikasema mambo haya hayaambiwi.

"Basi hakuyasikia," akasema, na akaenda kupika.

Hicho ndicho kinachonikera zaidi ya yote. Ningempata mtu mbaya wa kumchukia ningelala vizuri. Kiprop alimpeleka mbwa kwa daktari, akamlipia, akakaa naye wakati anapona, akamvisha ile sahani ya plastiki shingoni asijilambe kidonda, akanitumia picha. Nilicheka ile picha. Nilidhani ni kidonda cha waya. Miezi minane nilikuwa na picha ya msiba wangu kwenye simu na sikujua.

Alinipigia tena. Akasema atanitafutia mbwa mwingine, mzuri kuliko huyo, mwenye vyeti, mimi nichague tu, yeye atalipa. Alidhani ananituliza. Nikamuuliza kama babu yake, ng'ombe aliyempa mtu akiharibika, alikuwa akinunuliwa mwingine. Akasema, "Hiyo ni ng'ombe, Nazaire. Hii ni dog." Sikupokea simu zake tena. Chebet alipofaulu mtihani wake wa uuguzi wakafanya karamu, sikwenda. Alida akampakia Annick kwenye basi, wakaenda bila mimi, na waliporudi hawakunisimulia chochote. Walinitengea sahani ya pilau kwenye friji, hiyo tu.

Haya, sasa nafika Jumamosi iliyopita.

Nilikuwa shambani nafunga waya. Nikaona gari la Kiprop linaingia, na Semeni kiti cha nyuma, amekaa wima kama abiria. Kiprop akashuka na kuanza kushusha vitu. Kitanda, mabakuli, mfuko wa chakula, bahasha ya karatasi za chanjo, lile koti. Akavipanga kwenye majani mbele yangu. Kisha akanipa kamba mkononi.

"Nimekuletea mbwa wako. Chebet amelia njia yote ya kutoka nyumbani mpaka kwa gate. Lakini kama shida ni dog, basi dog ndio hii."

Wewe unajua maana ya hilo, Shangazi. Alimrudisha. Kwetu mtu akikurudishia ng'ombe uliyemgabia, amemaliza, hamjuani tena, hata msibani mtasimama pande mbili. Yeye alikuwa ameendesha saa nne na nusu kuja kupatana, na akafanya jambo ambalo kwetu hufanywa na adui. Na mimi nilijua. Nilijua kwamba yeye hajui. Ningeweza kufungua mdomo. Badala yake nikaishika kamba, nikamwambia safari njema. Nilitaka aumie kidogo. Hilo nitaliungama Ijumaa, lakini nakuambia wewe kwanza.

Alipanda gari akaondoka. Barabara ya shamba lile inakwenda moja kwa moja kandokando ya uwanja, kisha inakata kona ya kulia kwenda lango. Semeni alisimama analitazama gari. Hakulia. Nilikuwa nimeishika kamba kizembe, kwa hasira, akajivuta mara moja tu na ikatoka mkononi.

Akaanza kukimbia. Nikafikiri atalifuata gari kwa nyuma, kama mbwa yeyote, kama greyhound yeyote. Hakulifuata. Alilitazama mara moja, akaliacha barabarani na kukata uwanja mshazari, kuelekea kule kona inakoishia. Kamba ikiburuzika nyuma yake. Aliinama mpaka kifua kikakaribia kugusa majani, miguu ya nyuma ikipita mbele ya masikio. Kuna mtaro katikati ya uwanja ule, Watasema alikuwa akisita hapo kila mara. Yeye aliuruka bila kupunguza mwendo. Gari lilipokata kona lilimkuta amesimama katikati ya njia, analingojea.

Sikumfundisha hilo. Hilo halifundishwi. Ndicho kitu nilichokitafuta miaka tisa, miguu ile na kichwa kile katika mnyama mmoja, na nilikiona kwa macho yangu Jumamosi saa tano asubuhi, na kilikuwa kinakimbia kuniacha.

Nilitembea mpaka pale nikiwa na viatu vya matope. Kiprop alikuwa ameshafungua mlango na mbwa amejilaza kifuani kwake. "Sikumwita," akaniambia. "Haki ya Mungu sikumwita." Nikaona macho yake mekundu, nadhani alianza kulia kabla hajafika kona.

Ndipo nikamwambia. Yote, habari ya kugabiana, jike anayerudi, nyumba mbili kuwa moja, na maana ya kurudisha. Nilisema mwaka mzima na mwezi mmoja baada ya siku niliyopaswa kusema. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo leo nilikuwa nimekuja kuvunja."

Nikamwambia ndiyo, na mimi nilikuwa nimekubali.

Akapangusa uso kwa mkono. Akauliza kama sasa tuko sawa. Nikamwambia hatuko sawa. Nikamwambia Pasaka waje wote wawili na mbwa wao, Alida atapika. Kisha nikarudi kukusanya kitanda na mabakuli na lile koti la kijinga, nikampakilia.

Bado nina hasira, usidhani nimekuwa mtakatifu. Nikilala naona mtaro ule na naona namna alivyouruka. Nahesabu watoto ambao angezaa. Nina hasira na daktari wa mbwa, na wenye nyumba wanaotaka karatasi, na Annick kwa kuwa na haki akiwa na miaka kumi na sita. Zaidi ya wote nina hasira na kinywa changu, ambacho kwa mambo ya upuuzi hakifungwi, na siku ile ya Februari kilijifanya cha mtu mkubwa. Nilitaka Kiprop ajue bila kuambiwa, kama angekuwa amekulia kwetu. Kwetu penyewe sasa ni wapi? Hata Annick hapajui, na amezaliwa na mimi.

Nisaidie kwa jambo moja. Wewe ulikaa na ng'ombe wa babu na ulisikiliza kesi nyingi. Ng'ombe wa kugabiwa akiwa tasa, mwenye kupewa alileta nini? Au alisamehewa tu na undugu ukaendelea? Mwambie Bernadette akuandikie jibu, mpe Florent arudi nalo. Usiniandikie kunifariji, niandikie ilivyokuwa.

Mpe Bernadette salamu zangu, umwambie Alida amempelekea vitenge viwili kwa mkono wa Florent, na kile cha kijani ni chako, usikigawe. Wasalimie watoto wake wote na majirani wanaonikumbuka. Mungu akulainishie magoti, akuletee mvua kwa wakati, na akutunze mpaka nije nikuamkie ana kwa ana.

Na Mzee Melkiori, aliyekuwa akiwinda na baba, nasikia bado yupo na bado anaulizia mbwa. Mwambie nimempata. Ni mmoja tu, hatakuwepo mwingine, na anakaa Irving, kwa ndugu yangu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Nazaire